WATOTO NJITI WA ZAMANI: TUSIWAHESABU WALIOPONA PEKEE

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Mimi nimeyaona ya ulimi wangu mwenyewe, na ndiyo sababu nimeishika kalamu leo ili niandike katika jarida hili la chama chetu.

Msomaji mpendwa, kama ulihudhuria mdahalo wetu wa muhula wa pili, bila shaka unaikumbuka mada: "Malezi ya wazee wetu yalikuwa bora kuliko ya hospitali za siku hizi." Mimi nilikuwa msemaji wa pili upande wa kuunga mkono. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikakohoa kidogo kama mwanasiasa, nikasema: "Bwana Mwenyekiti, nyanya yangu alizaliwa akiwa wa miezi saba, kule Bungoma kijijini, wakati ambapo hapakuwa na stima wala mashine. Aliwekwa kando ya moto tu. Akakua, akaolewa, akazaa watoto wanane, na leo amepita miaka themanini na bado analima! Je, wapinzani wana jibu gani?"

Ukumbi ulilipuka makofi. Wapinzani walibaki vinywa wazi, manake nani angeweza kubishana na nyanya aliye hai? Tulishinda mdahalo ule kwa kura nyingi sana.

Leo nataka kukiri mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu kwamba hoja ile ilikuwa na shimo kubwa katikati. Sikusema uongo. Nyanya yangu yupo na bado analima. Lakini nilisema ukweli nusu, na ukweli nusu unaweza kumpoteza mtu kuliko uongo mzima. Aliyenionyesha shimo hilo si mwalimu wala daktari. Ni nyanya mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Likizo ya Agosti, mama yangu mdogo alijifungua ghafla katika hospitali moja hapa Kitale, mimba ikiwa na wiki 31 badala ya 40. Mtoto alikuwa na gramu 1500. Ebu fikiria, pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili ilimshinda uzito! Tulipopata habari, kila mtu nyumbani alinyamaza. Nyanya, ambaye sisi humwita kukhu, alipanda matatu ya asubuhi kutoka Bungoma, akapitia Webuye na Kamukuywa, akafika Kitale kabla ya saa sita na kikapu chake mkononi.

Alipoingia wodini alimkuta nesi akimfunga mtoto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kisha leso ikapitishwa juu ya wote wawili. Nesi akaeleza kwamba hiyo ni njia ya kangaruu, kwa sababu mnyama huyo hubeba mtoto wake mfukoni tumboni mpaka akomae. Kukhu alicheka kwa furaha. "Kangaruu simjui," akasema, "lakini hivi ndivyo mama yangu alivyonibeba mimi."

Basi mimi nikaona nafasi yangu ya kujigamba imefika. Nikamweleza habari za mdahalo, jinsi nilivyolitumia jina lake na jinsi watu walivyopiga makofi. Nilidhani atafurahi. Badala yake alininyamazia kwa muda, halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, mama yangu alizaa watoto watatu wa namna hiyo. Mimi nilikuwa wa pili. Je, hao wenzako uliwaeleza habari za wale wawili?"

Nikamjibu kwamba sikuwa najua.

"Basi hukuwaeleza kitu," akasema.

Alinisimulia kwamba wa kwanza aliishi siku tatu. Alipumua kwa shida, kifua kikiingia ndani kama kitambaa, mpaka akachoka. Wa mwisho alizaliwa msimu wa mvua nyingi, kuni zikiwa mbichi, na usiku wa kwanza hakufika asubuhi. Walizikwa bila makeke na habari zao hazikuzungumzwa sana. Kukhu mwenyewe alipona kwa sababu alizaliwa wakati wa kiangazi, mama yake alikuwa na maziwa, na bibi mmoja mkunga alihamia kwao kwa mwezi mzima. Joto, maziwa na mtu wa kumtazama usiku na mchana. Akaongeza na la nne: "Na Mungu."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Waliopona ndio walioishi kutusimulia. Waliokufa hawana wajukuu wa kuwataja kwenye midahalo. Ukienda kijijini leo ukaulize, "Nani hapa alizaliwa njiti?" watakaoinua mikono ni wale waliopona tu, nawe utarudi ukiamini kwamba zamani wote walipona. Ni kama kuuliza waliofika Kitale kama safari ilikuwa salama, bila kuwauliza wale ambao gari lao lilianguka njiani.

Wengine watasema, "Wewe unazungumzia nyanya mmoja tu." Haya, tutazame mambo mapana zaidi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai, takriban 120 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 32. Hao 120 hawakuwa njiti wote, kwa maana malaria, surua, kuhara na nimonia zilichukua wengi. Lakini mtoto mwenye mwezi mmoja mapema au miwili ndiye aliyekuwa wa kwanza kushindwa.

Hata majina yetu yanashuhudia. Sisi Waluhya tuna majina ya misimu, kama Wafula wa mvua na Wekesa wa mavuno. Lakini tunalo pia jina Makokha, ambalo asili yake ni jaa la taka. Alipewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa mmoja baada ya mwingine, ili kifo kimwone kuwa ni kitu kilichotupwa, kipite. Wakati mwalimu anapoita rejista sisi tunaitikia tu "Yupo!" Kumbe ndani ya rejista hiyo kuna kilio cha akina mama wa zamani. Watu ambao watoto wao wote walikuwa wakipona wasingehitaji jina kama hilo.

Pamoja na hayo, sitaki mtu anielewe vibaya. Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. La hasha! Walijua mambo makubwa, na sayansi imewaunga mkono katika mengi.

Jambo la kwanza ni joto. Mimina chai kwenye kikombe kidogo na nyingine kwenye sufuria, uone ni ipi itapoa kwanza. Mtoto njiti ni kile kikombe kidogo. Mwili wake ni mdogo, mafuta chini ya ngozi ni haba na ngozi yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo joto humtoka upesi. Akipoa, nguvu zinazotakiwa kumkuza zinatumika kutafuta joto, na mwisho anazimika kama mshumaa. Hapa Kitale tuko mita 1900 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hata sisi wakubwa tunajikunyata. Wazee walilijua hilo bila kipimajoto.

Jambo la pili ni maziwa ya mama. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 hivi mara nyingi hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Mama yake kukhu alikuwa akikamua maziwa na kumtilia tone kwa tone kwa kijiko. Siku hizi hospitalini wanatumia kikombe kidogo au mpira mwembamba wa kupitia puani, lakini maziwa ni yale yale.

Jambo la tatu ni kuzuia wageni. Kukhu anasema watu hawakuruhusiwa kuingia kumwona, ati kuna macho mabaya. Sababu tunaweza kuibishia, lakini faida yake ilikuwepo: wageni wachache, vijidudu vichache.

Sasa ni yapi ambayo wazee hawakuweza? Hawakuwa na la kufanya mtoto aliposhindwa kupumua. Mapafu yanahitaji utelezi fulani unaoyazuia yasinatane, na utelezi huo huja katika wiki za mwisho za mimba. Njiti wengi hawana wa kutosha. Ndiyo maana yule mtoto wa kwanza alipumua siku tatu akachoka. Hawakuwa na dawa ya maambukizi. Moto uliomtia mtoto joto ulimtia moshi pia. Na penye desturi ya kupaka kitovu samadi au majivu, pepopunda iliweza kuingia. Upendo ulikuwepo tele, lakini upendo peke yake haufungui mapafu.

Wala tusidhani kwamba Wazungu walikuwa wamejaliwa zaidi. Nilipochunguza jambo hili nilishangaa kuona kwamba utaalamu wenyewe ni wa juzi. Mwaka 1880 hivi, daktari Stéphane Tarnier wa Paris aliona mashine za kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama, akaagiza atengenezewe kama hiyo kwa ajili ya watoto. Kabla ya hapo, katika hospitali yake, watoto 66 katika kila 100 wenye uzito chini ya gramu 2000 walikuwa wakifa. Baada ya mashine hiyo, ambayo ilikuwa sanduku lenye maji ya moto tu, waliokufa walishuka hadi 38. Huko Marekani, Martin Couney aliwaweka watoto njiti kwenye maonyesho ya burudani, Coney Island, kuanzia mwaka 1903 hadi 1943. Watu walilipa senti 25 kuwatazama kama sarakasi, na pesa hizo ndizo zilizolipa manesi. Hospitali nyingi za wakati huo hazikuwa na mpango wowote nao.

Na mwaka ule ule wa 1963 tulipojiandaa kupandisha bendera yetu, Rais wa Marekani, John Kennedy, alipata mtoto wa kiume, Patrick, tarehe 7 Agosti. Alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na kilo 2 na ushei. Baba yake alikuwa rais wa nchi tajiri kuliko zote, na madaktari bingwa walikuwa wamemzunguka. Tarehe 9 Agosti mtoto akafa kwa sababu ya mapafu. Leo mtoto wa uzito ule, akizaliwa kwenye hospitali yenye vifaa vya kawaida, kwa kawaida huenda nyumbani na mama yake. Basi hata ikulu ya Marekani wakati ule haikuwa na jibu, seuze boma la Bungoma.

Mashine nazo zina makosa yake. Miaka ya 1940 na 1950 watoto walipewa oksijeni nyingi kupita kiasi huko Ulaya na Marekani, wakapona lakini wakapofuka. Mwanamuziki maarufu Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao. Kwa hivyo anayesema "mashine ndiyo kila kitu" naye amekosea kama nilivyokosea mimi.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Mdahalo wetu ulituuliza tuchague kati ya wazee na hospitali. Mimi nasema swali lenyewe lilikuwa baya. Kifua cha mama na hospitali havipingani. Dunia ilichukua karibu miaka 100 kulitambua hilo, na waliolitambua hawakuwa matajiri.

Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa na inkubeta chache. Watoto waliwekwa wawili au watatu ndani ya mashine moja, wakaambukizana magonjwa, wakafa. Wengine waliachwa na mama zao. Akaamua mama wawe ndio mashine: mtoto afungwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye, na arudi nyumbani mapema akiwa bado kifuani, huku akifuatiliwa na hospitali. Karibu na kwetu, katika hospitali ya misheni ya Manama nchini Zimbabwe, ambako hakukuwa na inkubeta, walianza njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Watoto wenye uzito chini ya gramu 1500, ambao awali walipona 10 tu katika kila 100, wakafikia kupona 50 katika kila 100. Kwa kitambaa na kifua!

Halafu mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, kwa watoto 3211 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Walioanza kukaa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali itulie, walikufa wachache zaidi kwa asilimia 25 kuliko walioanza baadaye. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba hivyo ndivyo ifanywe, nyumbani na hospitalini.

Lakini angalieni vizuri: watoto hao wa utafiti walikuwa ndani ya hospitali. Kifua kilifanya kazi yake, na penye kazi ya nesi, oksijeni na dawa, hivyo navyo vilikuwepo. Hilo ndilo nililolikosa mdahaloni. Kile alichokuwa nacho mama yake kukhu tunacho bado. Kile alichokikosa sasa kipo. Kwa nini tuchague kimoja?

Tena kuna kinga inayoanza kabla ya kuzaa. Mwaka 1972 madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayekaribia kuzaa mapema akidungwa sindano fulani, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Mwaka 2020 utafiti katika hospitali za nchi tano, Kenya ikiwemo, ulithibitisha kwamba sindano hiyo huokoa watoto hata katika hospitali kama zetu. Lakini haiwezi kumfikia mama aliyelala nyumbani akisema "ngoja tuone kama uchungu utapoa". Mama yangu mdogo aliipata kwa sababu aliwahi. Baba mdogo aliamsha jirani mwenye bodaboda saa nane za usiku, wakaondoka.

Najua wapinzani wangu watasema nini, kwa sababu zamani, yaani muhula wa pili, nilisema mwenyewe. Watasema hospitali zimejaa, mama wawili kitanda kimoja. Watasema stima hupotea. Watasema manesi ni wachache na wengine wana maneno makali. Watasema pesa. Enyewe, hayo yote yana ukweli. Usiku wa pili stima ilipotea wodini kwa muda hadi jenereta ikanguruma, na watoto waliokuwa ndani ya mashine walitutia hofu sote. Yule aliyekuwa kifuani mwa mama yake hakujua hata kama kuna giza. Lakini ubovu wa hospitali ni sababu ya kudai hospitali bora. Si sababu ya kubaki nyumbani. Mtu akiona daraja limebomoka hadai watu warudi kuogelea na mamba. Anadai daraja litengenezwe.

Basi nina maombi manne, na nayaelekeza kwetu sisi wenyewe, kwa sababu miaka si mingi tutakuwa wazazi.

Kwanza, wasichana wenzetu. Tusidanganyane, sote tunajua kwamba mimba hutokea shuleni, na msichana anayepata mimba mara nyingi huificha. Hujifunga tumbo, haendi kliniki, hali vizuri. Mama mwenye umri kama wetu ana hatari kubwa zaidi ya kuzaa kabla ya wakati. Ushauri mzuri ni kujiepusha, na walimu wetu wametuambia hivyo mara nyingi. Lakini ikiwa limeshatokea, kumcheka na kumwimbia nyimbo ni kumfukuza kliniki. Kicheko chetu kinaweza kumuua mtoto ambaye hatujamwona.

Pili, kliniki na chandarua. Kule Bungoma malaria ipo mwaka mzima, na malaria kwa mama mjamzito ni moja ya sababu za mtoto kuzaliwa mdogo au mapema. Chandarua cha bure kinachofugia kuku au kufunika miche ya sukumawiki ni mtoto wa mtu ananyimwa wiki zake.

Tatu, wavulana wenzangu, na hapa msinune. Mama mdogo alifanyiwa upasuaji, akapoteza damu, na kwa siku mbili hakuweza kumbeba mtoto sawasawa. Nesi akamwambia baba mdogo avue shati. Baba mdogo akatazama huku na huko, akasema hiyo ni kazi ya wanawake. Kukhu akamwuliza kwa upole, "Baba, kifua chako ni baridi?" Wanaume wengine waliokuwa pale wakainamisha vichwa. Akavua shati. Alikaa na mtoto saa tano mfululizo bila kusogea, hata chai alinyweshwa. Siku hizi ukimwuliza habari hiyo, haoni haya tena, anajigamba! Ngozi ya baba ina joto lile lile. Kama utamaduni unamkataza mwanaume kumwokoa mtoto wake, utamaduni huo una maana gani?

Nne, wale wenye madaraka. Kwa mujibu wa ule utafiti wa 2022, bado watoto 21 katika kila 1000 nchini Kenya hufa kabla ya kutimiza siku 28. Kuzaliwa mapema ni moja ya sababu kubwa. Tunaposikia kaunti zetu zikijenga majengo marefu, tuulize pia: viti vya mama wa kangaruu viko wapi? Vitanda vya kutosha? Oksijeni? Manesi wa usiku? Kiti cha kuegemea na leso haviwezi kufilisi kaunti.

Narudi kwa kukhu. Siku ya mwisho kabla hajarudi Bungoma, alimbeba mjukuu wake mchanga kifuani ili mama yake alale kidogo. Nilikaa karibu naye. Nilimwuliza kama anaona hospitali ni bora au nyumba ya mama yake ni bora. Hakunijibu moja kwa moja. Aliitazama ile mashine ya oksijeni iliyokuwa ikinguruma kwenye kona, akasema, "Mama angekuwa na hiki, ningekuwa na dada na kaka."

Mtoto alitoka hospitalini baada ya wiki tano. Nikiandika haya amefikisha kilo nne na analia kiasi cha kuamsha mtaa. Amepewa jina la msimu, si jina la jaa la taka.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti wa mdahalo, kama sheria za chama chetu zinaruhusu, naomba kurudisha ule ushindi. Na mwanachama yeyote atakayesimama mwaka ujao akasema, "Lakini zamani si walipona tu?" naomba amwulize kwanza nyanya yake swali moja: mlikuwa wangapi?

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.